Sauti ya Chini

Katika ukumbi wa taarabu, noti za kutunza huenda kwa mwimbaji. Mara moja moja mshabiki hupotoka njiani akampa mpiga fidla au mpiga kanuni chochote, kisha akarudi kitini kwake kwa madaha yale yale aliyoinukia. Mpiga dabalbesi huwa amesimama nyuma, amekumbatia chombo kinachomzidi kimo, na aghalabu usiku hukucha bila ya mtu kumfikia. Hapana anayemdharau. Ila sauti yake ni ya namna ambayo sikio huipokea bila kuishukuru, nalo huitambua siku ile tu inapokosekana.

Uzi mnene kuliko zote katika dabalbesi, ukipigwa wazi, hutikisika kiasi cha mara 41 kwa sekunde. Sikio zima la binadamu husikia mitikisiko kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo sauti hiyo i karibu sana na kizingiti cha chini cha usikivu. Ikishuka kidogo tu hugeuka mtetemo unaohisiwa kifuani. Wimbi lake moja hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8, yaani kuupita urefu wa gari dogo lolote. Kuitoa sauti kama hiyo kunahitaji hewa nyingi isukumwe na kuvutwa, kazi ambayo spika ndogo ya mlangoni mwa gari haiiwezi hata ingepewa umeme wa namna gani.

Hata hivyo, vizazi kadhaa vya watu wa pwani na bara viliipenda taarabu pasina kuisikia sauti hiyo barabara. Santuri za Siti binti Saad, ambazo kurekodiwa kwake kulianza Bombay mwaka 1928, zilichezwa kwa gramafoni za tarumbeta zilizokuwa dhaifu mno katika sauti nzito. Zikafuata redio ndogo za betri, nazo hazikuwa na nguvu zaidi. Lakini akili ina hila yake. Ikizisikia sauti za juu zinazoandamana na noti nzito, huibuni yenyewe ile noti isiyosikika, na msikilizaji akaamini ameisikia. Ndivyo watu walivyojua mahali pa besi katika wimbo wasioupata mzima.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Nachingwea aliijua taarabu kwa njia hiyo. Yeye ni Mmwera, mzaliwa wa vijiji vya Ruangwa, na ujanani alikuwa akivizia mawimbi ya Zanzibar usiku, redio ameiegemeza dirishani. Siku alipofika Unguja kwa mara ya kwanza na kukisikia kikundi kikipiga mbele yake, pasipo redio baina yao, alishangaa kuona kwamba nyimbo alizozijua kwa moyo zilikuwa na ghorofa ya chini ambayo hakuwahi kuiingia. Alirudi Nachingwea na kaseti kumi na mbili. Miaka mingi baadaye, alipoweza kununua gari la mtumba, hakuuliza kwanza habari za injini. Aliuliza kama spika ya besi iliyotiwa kiwandani ilikuwa ingali inafanya kazi.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, la miaka ya 1990, lenye rafu ya nyuma chini ya kioo, na katikati ya rafu hiyo spika moja kubwa inayotazama juu. Redio yake haikufaa kitu. Redio za magari yaliyoundwa kwa ajili ya Japani miaka hiyo hupokea FM kutoka megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni za Tanzania hutanda kati ya 88 na 108, kwa hiyo nyingi ya hizo kwake ni kimya. Kaseti ndiyo iliyosema. Katika barabara ya vumbi kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa, kwa mara ya kwanza tangu safari yake ya Unguja, Mwalimu aliisikia dabalbesi ikitembea chini ya wimbo kama mtu anayepita ghalani usiku.

Spika hiyo ilikufa polepole, kama zifavyo spika nyingi za aina yake. Koni ya spika ni ya karatasi ngumu, na baina ya koni na fremu ya chuma pana ukingo laini unaoiacha ipande na kushuka. Katika spika nyingi za miaka ile ukingo huo ulikuwa wa sponji ya poliyurethani. Sponji hiyo ni nyepesi na hutoa sauti njema, lakini ina adui watatu: jua, joto na unyevu wa hewa. Unyevu huikata minyororo yake ya ndani kidogo kidogo, mpaka siku moja mtu akiigusa kwa kidole hubaki na unga mweusi mkononi. Spika iliyolala chini ya kioo cha nyuma, katika gari linaloegeshwa juani kusini mwa Tanzania, huwakabili maadui wote watatu kila siku. Kwanza ilianza kukoroma katika noti nzito. Kisha ikawa inapiga kama debe tupu. Mwishowe Mwalimu akazoea kuupunguza mdomo wa besi mpaka mwisho, na dabalbesi ikarudi ilikokuwa zamani, yaani katika kubuni.

Laiti masikio yake yangekuwa ya ujana, hasara hiyo ingekuwa ndogo. Lakini uzee huanza kuula usikivu kutoka juu. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kwenda: mlio wa ndege wadogo, ncha ya nai, ukali wa fidla, na katika mazungumzo zile herufi za s, sh na f. Mzee huwasikia watu wakisema lakini maneno humfikia yakiwa yamepunguliwa kingo, naye huona kama kila mtu amejifunza kunong'ona. Mwalimu alikuwa amekwisha kufika hapo. Juu aliibiwa na umri, na sasa chini akaibiwa na sponji. Kilichobaki ni ukanda mwembamba wa katikati, na wimbo katika ukanda huo ni kama barua iliyochanika juu na chini.

Gari hilo halikuwa lake peke yake kwa maana halisi. Wamwera, kama majirani zao Wamakonde na Wayao, kwa desturi huufuata ukoo upande wa mama, na mpwa ana nafasi yake katika mali ya mjomba. Mpwa wa Mwalimu, kijana wa miaka ishirini na kitu, ndiye aliyekuwa akiliendesha. Korosho zikishavunwa, zikapita kwenye ghala la chama cha msingi, zikauzwa mnadani chini ya chama kikuu cha RUNALI kinachowaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na fedha zikaingia benki, harusi hufululiza. Gari linalometa na kupiga muziki hukodiwa Jumamosi baada ya Jumamosi, na fedha za Jumamosi hizo ndizo zilizokuwa zikilipia dawa za Mwalimu na ada ya mdogo wake kijana.

Basi msimu mmoja, baada ya Namungo ya Ruangwa kupanda Ligi Kuu mwaka 2019 na wilaya nzima kujiona imekua kwa kimo, kijana alimwendea mjomba wake na shauri. Spika ya kiwandani itolewe itupwe. Mahali pake pawekwe sabufa mpya ya inchi 12 katika sanduku lake, pamoja na amplifaya.

"Mjomba, siku hizi bibi harusi hapandi gari lisilotetema," alisema. "Wenzangu wote wameshafunga. Kipya kinyemi."

"Ingawa kidonda," Mwalimu akamalizia.

Kijana alicheka, lakini hakuwa akitania. Alikuwa amekwisha kupoteza harusi mbili kwa dereva mwenye gari bovu kuliko lao na sabufa kubwa kuliko yao. Kwake yeye besi ilikuwa mkate. Kwa mjomba wake ilikuwa nusu ya mwisho ya usikivu wake. Kila mmoja aliona kwamba mwenziwe anazungumzia anasa.

Mwalimu alikuwa na hoja nyingine ambayo kijana aliijua kwa moyo, maana watoto wote wa Nachingwea waliopita darasani kwake waliijua. Katika ardhi hiyo hiyo, kuanzia mwaka 1947, Waingereza walileta mpango wa karanga uliogusa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta yaliyosalia vitani, mengine yakinunuliwa Ufilipino, yakiwa yamechoka kabla ya kuanza kazi. Mashine nyingi zilikufa porini kwa kukosa vipuri na mafundi wa kuzitunza, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Reli iliyojengwa kuiunganisha Nachingwea na pwani ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa. Funzo ambalo Mwalimu alilitoa humo halikuwa la karanga. Alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba chombo kilicholetwa bila ya mtu wa kukifungua ni mgeni tu, na mgeni huondoka.

"Na sabufa hiyo," alimuuliza mpwa wake, "ikiharibika utaifungua wewe?"

Kijana hakujibu. Walikubaliana wampelekee fundi wa Ruangwa, mwenye kibaraza chake si mbali na stendi, na neno lake liwe hakimu.

Fundi aliwapokea kwa "Shikamoo Mwalimu", akaitikiwa, akasikiliza pande zote mbili bila kuunga mkono upande wowote. Kisha akauliza swali ambalo hapana hata mmoja wao aliyekuwa amelifikiria: spika imekufa, au imechanika tu? Akatenganisha waya hasi wa betri ya gari, akaondoa egemeo la kiti cha nyuma, akaivua rafu na kuitoa spika kwa uangalifu kama atoaye mkate tanurini. Ukingo ulimwagika vipande vipande. Yeye hakuutazama. Aliweka mita kwenye ncha mbili za koili, mshale ukasimama chini kidogo ya omu 2. Akaiweka spika mapajani, akaibonyeza koni kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote, sikio amelishusha karibu. Hapakuwa na mkwaruzo.

"Haijafa," alisema. "Koili nzima, sumaku nzima, karatasi nzima. Kilichooza ni sponji tu."

Alipofika kwenye shauri la kijana, fundi alikuwa mwadilifu vilevile. Hakulibeza. Alieleza kwamba spika ile imetengenezwa kufanya kazi ikiwa wazi, na buti zima la gari ndilo sanduku lake, ilhali sabufa nyingi za madukani huhitaji sanduku lililofungwa na kupimwa, na zikipachikwa kwenye rafu hutapatapa. Alieleza kwamba amplifaya ya kiwandani imeoanishwa na spika ya omu 2, na ikiunganishwa na ya omu 4, ambazo ndizo nyingi sokoni, itatoa karibu nusu tu ya nguvu zake. Ikiwekwa amplifaya mpya ya wati 500 za kweli, itavuta zaidi ya ampea 40 kutoka katika mfumo wa volti 12, na jenereta ya gari la umri huo, yenye taa, feni na injini za kulisha, italemewa. Betri itaanza kufa mbele ya mlango wa bibi harusi.

Kisha akamgeukia Mwalimu. "Lakini na wewe Mwalimu ujue. Hii nikiitengeneza itaimba vizuri, lakini harusi haitaitikisa. Haikuumbwa kwa kazi hiyo."

Kwa maneno hayo kila mmoja alipata haki yake na hasara yake. Ukingo mpya, ukiagizwa Kariakoo, ungegharimu sehemu ndogo tu ya bei ya sabufa. Mwalimu aliamua itengenezwe, kwa sharti moja: kazi ifanywe na mikono ya mpwa wake, na fundi alipwe ujira wake kamili kwa kusimama juu yake na kumwelekeza. Kijana alikubali, kwa shingo upande.

Vipimo vilichukuliwa kwanza, kwa kuwa ukingo usiolingana na koni hata kwa milimita chache huharibu kila kitu. Fundi aliagiza wa mpira badala ya sponji. Mpira ni mzito kidogo, na huibadilisha sauti kidogo, ila jua na unyevu havitaumaliza kwa haraka ile ile. Ulipofika kwa basi siku chache baadaye, kijana alikwangua gundi ya zamani kwa kisu butu na spiriti, akiambiwa kila baada ya muda apunguze nguvu, maana karatasi ya koni haisamehe. Alikata kifuniko kidogo cha katikati kwa wembe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaiona koili ilivyo: silinda nyembamba iliyozungushiwa waya wa shaba, ikining'inia ndani ya mwanya wa sumaku bila kugusa upande wowote.

Mwanya huo ndio siri ya kazi yote. Koni ikigundishwa ikiwa imehama hata kwa unene wa unywele, koili itakwaruza sumaku mpaka iungue. Fundi akataka vipande vyembamba vya plastiki ngumu vya kuchomeka kuizunguka koili, ili ibaki katikati gundi inapokauka. Kibarazani hapakuwa na kinachofaa. Mwalimu aliinuka akaenda garini, akarudi na picha ya zamani ya eksirei ya goti lake mwenyewe, akasema goti lile limeshamkataa, bora liwafae wengine. Ikakatwa vipande vinne vyembamba, vikachomekwa.

Gundi ya ukingo na koni ilitiwa kwanza, ikaachwa ishike. Siku ya pili ikatiwa ya ukingo na fremu, na kijana akakaa akiibonyeza koni taratibu na kuiachia, huku akisikiliza kama alivyomwona fundi akisikiliza. Siku ya tatu vipande vya eksirei vikachomolewa na kifuniko kikarudishwa. Kabla ya kuifunga garini, fundi alimpa betri ndogo ya volti 1.5 na kumwonyesha namna ya kuigusisha kwenye ncha za spika. Chanya ikikutana na chanya, koni huruka mbele. Zikipishana, hurudi nyuma. Spika ya besi ikifungwa kinyume huvuta hewa wakati wenzake wa milangoni wanapoisukuma, na badala ya kuongeza uzito huuondoa. Wengi hununua spika mpya kumbe zile za zamani zilikuwa zikigombana.

Jaribio lilifanyika jioni hiyo hiyo, katika njia ya kurudi Nachingwea, kwa moja ya zile kaseti kumi na mbili. Mwalimu alikaa kiti cha mbele, kiganja amekilaza juu ya paja. Besi ilipoingia, kidole chake kimoja kilianza kuinuka na kushuka, nacho hakikukosea hata pigo moja. Walikwenda hivyo kwa muda mrefu, mikorosho ikipita pande mbili.

"Fidla imeshaingia?" Mwalimu aliuliza.

Kijana aliitazama barabara kidogo kabla ya kujibu. Fidla ilikuwa imeingia tangu mwanzo wa wimbo, nyembamba na kali, nayo ndiyo iliyokuwa juu ya kila kitu.

"Imeingia, mjomba," alisema. "Imeingia zamani."

Tangu siku hiyo akawa anamwambia. Sasa kanuni. Sasa nai, inapanda. Mwalimu alikuwa akizikumbuka sauti hizo, na palipotajwa jina lake kila moja ilirudi mahali pake, kama vile zamani akili yake ilivyokuwa ikiijaza besi isiyotoka redioni.

Si kweli kwamba kijana aliacha kuitaka sabufa yake. Kabla ya msimu uliofuata aliinunua, kwa fedha zake mwenyewe, ndogo kuliko ile aliyoitaja mwanzo, na amplifaya ambayo jenereta ya gari ingeiweza. Aliifunga mwenyewe, kwa waya wa unene unaostahili na fyuzi karibu na betri, na sanduku lake huingia butini Jumamosi na kushushwa Jumapili. Mwalimu hakupinga. Alikuwa amekwisha kupata jibu la swali lake.

Wako watakaosema kwamba spika moja ya gari kuukuu si jambo la kujadiliwa kwa uzito huu. Pengine. Lakini kila mwaka vyombo vingi huingia katika nchi hizi vikiwa vimetumika kwingine, na kila kimoja huja na kitu chake kilichooza na vingine vingi vilivyo vizima. Anayekitupa chote kwa sababu ya kilichooza hununua tena yale aliyokuwa nayo. Na anayekataa kipya chochote kwa mapenzi ya zamani huwaachia wapwa zake mzigo wa kumlisha bila zana za kazi. Baina ya wawili hao panahitajika mtu wa tatu mwenye mita na subira, wa kuuliza kwanza ni kipi hasa kilichoharibika. Sasa kaseti zenyewe zinaanza kuchoka, utepe wa mbili umekunjamana, na kijana ameshaulizia Ruangwa kama yupo anayejua kuzihamisha sauti zake kabla hazijapotea.